Nyeusi Isiyovuja

"Zima taa," Inspekta alisema, na mhandisi akazima.

Chumba cha giza cha kiwanda kile kilistahili jina lake. Hakikuwa na dirisha. Kuta zilipakwa rangi nyeusi mpaka darini, na mlangoni palitundikwa mapazia mawili mazito, moja nyuma ya jingine, ili anayeingia asiingie na mwanga wa korido. Humo ndimo skrini mpya zilipimwa kabla ya kuonyeshwa mtu yeyote. Asubuhi hiyo ilikuwemo moja tu, imesimama katikati ya chumba, na kitambaa cheupe kilichokuwa kimeifunika kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Sasa weka picha nyeusi. Nyeusi tupu."

Mhandisi alibonyeza rimoti. Skrini ikawa nyeusi, au ndivyo ilivyojidai. Kwenye pembe zake nne palibaki weupe hafifu wenye ubluu, na kwa weupe huo Inspekta aliona mkono wake mwenyewe, vifungo vya koti lake, na uso wa mhandisi uliokuwa umekaza.

"Umeona? Inavuja," mhandisi alisema. "Yangu haivuji, afande. Kuna mtu ameichukua yangu, akanifunikia hii kwa kitambaa changu mwenyewe."

"Nielezee kama unavyomweleza mtu ambaye kwake runinga ni ya taarifa ya habari, kisha usingizi."

"Runinga nyingi zina taa mgongoni. Taa hiyo inawaka muda wote, na mbele yake kuna vijipazia vidogo vidogo, mamilioni. Ukitaka nyeupe, vinafunguka. Ukitaka nyeusi, vinafungwa. Lakini umewahi kuona pazia linalozuia mwanga wote? Lazima uvuje. Sasa yangu haina taa ya mgongoni. Kila nukta ni taa yenyewe. Ukitaka nyeusi, nukta haifunikwi, inazimika. Ningeiweka yangu hapa kwenye nyeusi, usingejua hata mlango uko wapi."

Aliyasema haya kichwa kikiwa juu, siku hiyo hiyo ambayo mkurugenzi wake alikuwa amemwita mwizi mbele ya karakana nzima. Inspekta alilipenda hilo. Kituoni walimwita Bi Taratibu, mwanzoni kwa kumcheka na baadaye kwa adabu, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa kuijua kazi yake. Aliweka kiganja mgongoni mwa ile skrini. Ilikuwa na uvuguvugu, na unene wake ulijaza mkono.

"Yako ina unene gani?"

"Kama ukucha."

"Ina alama yoyote? Kovu, mkwaruzo, kitu cha kuitambulisha ikipatikana?"

"Haina," mhandisi alijibu upesi mno, akavuta mikono ya koti lake jeupe mpaka ikafunika vidole. "Ni safi kabisa."

Inspekta aliondoa kiganja mgongoni mwa skrini. Jibu linalokuja mbio huwa linakimbia jambo fulani, lakini hakuwa na haraka ya kulifukuza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mchana huo walikuwa wanakuja wageni kutoka nje kuitazama skrini ile. Wakiridhika, kiwanda kingeacha kuunganisha vipande vya watu wengine na kuanza kutengeneza cha kwake. Jana ilikuwepo. Leo asubuhi mhandisi ameinua kitambaa na kukuta nyingine. Mkurugenzi akaamua palepale kwamba ameiuza kwa washindani. Ikifika saa ya wageni haijapatikana, binti huyu anatoka kiwandani amefungwa pingu, na miaka yake yote ya kazi inatoka naye ikiwa na jina la mtu mwingine.

Sajini alikuwa akimngoja nje ya mapazia, akipepesa macho kwa mwanga wa korido.

"Getini hakijatoka kitu, afande. Walinzi wawili, kila mmoja anamchukia mwenzake, na maelezo yao yanafanana."

"Basi ni ya kweli."

"Lakini hili hapa utalipenda." Alishusha sauti. "Lile sanduku la kubebea skrini, lenye sponji ndani, nimelikuta tupu nyuma ya kabati la mhandisi. Limesukumwa kabisa ukutani. Mkurugenzi amelisikia, anataka tumfunge pingu sasa hivi."

"Kioo kile kina upana gani?"

"Kama kitanda."

"Na chembamba kama ukucha. Wewe ungekiiba, ungekiacha kipite barabarani bila sanduku? Mtu anaiba mayai, kikapu anakiacha?"

Sajini alijikuna kisogo. Kwake runinga ilikuwa kitu cha kuangalia mpira, na ikishindwa timu yake, kitu cha kupigia makelele. "Basi hakijatoka," alisema.

"Hakijatoka. Aliyekichukua hakuwa na haja ya sanduku kwa sababu hakwenda mbali. Twende tukamsikilize huyo mkuu wa karakana wanayemwita Mwalimu, anayedai alimwona."

Njia ya kwenda kwa Mwalimu ilipita mapokezi. Ukutani kulikuwa na fahari ya kiwanda: televisheni za kila zama zilizopita mikononi mwao, zimepangwa kwa umri, zote zimezimwa. Kwanza ile ya kichogo, nzito, ya kubebwa na wanaume wawili wenye nidhamu. Kisha ile bapa ya kwanza, iliyokuwa ikitoa joto kama pasi. Kisha zile za taa mgongoni, kila moja nyembamba kuliko dada yake. Ya mwisho ilikuwa na fremu ya fedha na kibao cha shaba chini yake: kazi ya mkuu wa karakana.

Mkabala nazo alikaa mama mmoja mwenye gauni la zambarau lililoshonwa kwa mkono wa mtu anayejua. Alikuwa mama yake mhandisi, mshonaji, na alialikwa na mwanawe aje aone.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye umekuja kumkamata?"

"Nimekuja kutafuta skrini."

"Itafute basi. Mwanangu haibi. Ana kiburi, hilo nalikubali, kakirithi kwangu." Mama alijirekebisha kitambaa cha kichwani, akigeuza shingo kidogo kushoto, kidogo kulia. "Tulikuwa na televisheni ya kichogo, yeye mdogo. Msomaji wa habari anavaa koti jeusi, na mimi namwona wa kijivu. Nikawa nasema kila siku, hii nyeusi gani, hii ni nyeusi ya kufuliwa. Mimi nashona suti, najua nyeusi. Akaniambia, mama, nitakutengenezea ambayo haijafuliwa. Ana miaka minane, anasema hivyo. Sasa leo ananiita nije nione, nakuta polisi."

"Unajitazama wapi, mama?"

"Kwenye ile ya mwisho. Hizi nyingine hazionyeshi kitu, zimefifia tu. Ile inanipa sura yangu yote, kuliko hata kioo cha nyumbani."

Inspekta aliitazama ile ya mwisho. Akaona gauni la zambarau humo, wazi kabisa, na nyuma yake Sajini akipiga miayo. Akasema asante, akaendelea na njia yake.

Mkuu wa karakana aliitwa Mwalimu kwa sababu nusu ya kiwanda walijifunza kwake namna ya kushika chuma cha kulehemu. Alikuwa mrefu, nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na alimpokea Inspekta kama mtu anayempokea mwanafunzi aliyechelewa.

"Inaniuma kusema," alianza, "maana yule binti ni wa mkono wangu. Nimemfundisha mimi."

"Sema tu, Mwalimu. Taratibu."

"Jana mchana, watu wakiwa kwenye chakula, nilikwenda chumba cha giza. Nikapita pazia la kwanza, nikasogeza la pili. Taa zilikuwa zimezimwa. Skrini ilikuwa kwenye picha nyeusi, ile ya kupimia. Nikamwona amesimama nyuma yake na bisibisi, anafungua skrubu. Nikadhani ni kazi, nikajiondokea. Leo ndiyo naelewa alikuwa anafanya nini."

"Lile pazia la kwanza lilikuwa limefungwa?"

"Lilikuwa limerudi nyuma yangu. Hatuyaachi wazi hata siku moja."

"Basi ulimwona kwa mwanga gani?"

"Wa skrini yenyewe. Ule mwanga wake hafifu. Unatosha kumtambua mtu uliyemlea kikazi."

"Na ilikuwa skrini yake, haijabadilishwa bado?"

"Yake. Nyembamba kama ukucha, ningeijua popote."

"Kwa nini hakuwasha taa?"

Mwalimu alitabasamu kidogo. "Mwizi hawashi taa, afande."

"Kweli hawashi. Sajini, umeandika hivyo hivyo alivyosema?"

"Neno kwa neno."

"Mwalimu, nisaidie jambo moja dogo. Twende ukanionyeshe uliposimama. Na mwambieni mkurugenzi aje, na mhandisi aje na kipande chochote cha skrini yake kilichobaki."

Walikusanyika chumba cha giza, mkurugenzi akitazama saa yake kila baada ya pumzi. Mhandisi alileta kipande cha majaribio, kikubwa kama sinia, kikining'inia kwenye nyaya zake. Inspekta alimweka Mwalimu kwenye pazia la pili, mahali hasa alipopataja. Alimweka Sajini nyuma ya ile skrini ya bandia na kumpa bisibisi.

"Zimeni taa. Iwekeni hii kwenye nyeusi."

Ule weupe wa pembeni ukatokea. Sajini akaonekana, kivuli chenye tumbo.

"Mwalimu, bisibisi iko mkono gani?"

"Wa kulia."

"Barabara. Una macho mazuri. Sasa zimeni hiyo, mniwekee kipande cha mhandisi mbele ya Sajini. Hicho nacho kwenye nyeusi."

Mhandisi alifanya hivyo. Giza likaingia chumbani, giza zima, la kumpotezea mtu pua yake mwenyewe. Kipande kilikuwa kinafanya kazi, umeme ulikuwa unapita, na hakikutoa mwanga hata wa kumwonea sisimizi.

"Mwalimu, bisibisi iko mkono gani?"

Pazia la pili lilisikika likipapaswa.

"Sajini, uko wapi?"

"Sijui mwenyewe, afande," Sajini alisema, kisha mkurugenzi akaguna kwa maumivu, maana alikuwa amekanyagwa.

"Washeni taa," Inspekta alisema. Taa zilipowaka, alikuwa amemkabili Mwalimu, mikono nyuma. "Hiki ni kipande kidogo, nakubali. Lakini nyeusi ni kuzimika, na taa iliyozimika haimuliki iwe ndogo au kubwa. Skrini ya mhandisi ikiwa kwenye nyeusi, katika chumba hiki, usingemwona hata kama angekuwa na bisibisi mdomoni. Umesema ni yake, haijabadilishwa. Umesema ilikuwa kwenye nyeusi. Umesema ulimwona kwa mwanga wake. Mwanga upi?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuna mtu katika jengo lile aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba skrini ile haina taa mgongoni. Lakini umri wake wote ameishi na nyeusi zinazovuja, na alipokaa kutunga uongo, aliutunga kwa mwanga aliouzoea. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi.

"Kichwa kinajua," alisema taratibu. "Macho ndiyo hayajajua."

"Iko wapi?"

"Hiyo ni kazi yenu, afande. Mimi nimeifanya yangu miaka mingi."

Mkurugenzi alianza kufoka, Inspekta akamnyamazisha kwa kiganja. Hakuhitaji jibu. Aligonga kwa ukucha ile skrini ya bandia. "Hii ni nzuri. Si takataka ya dukani. Imetengenezwa kwa mkono wa mtu mwenye roho ya kazi, na imevuliwa fremu yake. Kabla ya kuletwa hapa ilikuwa inakaa mahali. Nikajiuliza, mahali pake sasa pamekaa nini, na kwa nini ile ya mwisho ukutani inampa mama wa mhandisi sura yake kuliko dada zake? Nifuateni."

Aliwaongoza mapokezi, mbele ya ile ya mwisho ukutani, yenye fremu ya fedha na kibao cha shaba. Mama mshonaji alisimama alipowaona. Inspekta alichungulia nyuma ya fremu, akaingiza vidole. Fremu ilikuwa nene. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa chembamba kama ukucha, kimejazwa vipande vya sponji kisicheze.

"Sponji ya kwenye sanduku," Sajini alisema, akijisikitikia. "Ndiyo maana lilisukumwa ukutani, isionekane imekatwa."

"Ile ni yangu," Mwalimu alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Fremu yangu, kibao changu. Nilikuwa najaribu kuipunguza unene. Nani atathibitisha sivyo?"

Na hapo mlango mkubwa ukafunguliwa. Wageni walikuwa wamewahi. Waliingia wakiwa wanacheka, wakaona polisi, wakaacha kucheka. Mkurugenzi alibaki katikati yao, akiitazama tena saa yake.

Inspekta alimgeukia mhandisi. "Nilikuuliza kama ina alama. Nakuuliza tena."

Mhandisi aliwatazama wageni. Alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Ukiiweka kwenye kijivu, unaiua mwenyewe. Unajua. Mbele yao."

Ndipo Inspekta alipoelewa lile jibu la asubuhi lilikuwa linakimbia nini. Mzee yule alikuwa ameweka dau lake kwenye kiburi cha mwanafunzi wake, na alikuwa na sababu nzuri, kwani alikuwa nacho yeye mwenyewe.

"Mhandisi," alisema, "mficha uchi hazai."

Mhandisi alimtupia mama yake jicho. Kisha binti yule aliachia mikono ya koti lake, akaenda ukutani, akachomeka waya.

"Ina kovu," aliwaambia wageni, kwa sauti ya kusikika. "Kila nukta ni taa, na taa ikiwaka sana inachoka. Ukiiacha picha moja ikae muda mrefu, nukta zake zinachakaa kama goti la suruali, na picha inabaki pale kama kivuli. Mimi nimepima herufi kwa maneno yale yale, kila siku, tangu nukta za kwanza zilipowaka. Niliyaficha kwa sababu nilitaka muione safi. Mtayaona sasa."

Alibonyeza. Skrini ikajaa kijivu sawasawa, laini, pembe hadi pembe. Na katikati ya kijivu hicho, hafifu lakini bila kukosea herufi, yakasomeka maneno mawili yaliyochakaa:

MAMA, UNAONA?

Mkurugenzi aliyasoma kwa midomo tu. Mwalimu aliyatazama kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akatoa kalamu zake tatu mfukoni akamkabidhi mhandisi, moja moja.

"Nilitaka waisifu yangu kwanza," alisema. "Waseme ni ajabu, wapige makofi, kisha niwaambie, mmeipigia makofi ya zamani. Basi. Siku moja tu. Asubuhi alipoitwa mwizi nilipaswa kusema, na badala yake nikaongeza uongo." Aliigusa ile fremu ya fedha. "Lakini kovu lile mimi nisingelionyesha. Wewe umenipita, mwanangu."

"Nimepitia mikononi mwako, Mwalimu," mhandisi alisema. Akazipanga kalamu mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Maelezo mapya tutayaandika kituoni," Inspekta alisema, akamwachia mzee nafasi atembee mwenyewe mbele ya Sajini, bila pingu. Huo nao ni utaratibu, ingawa haukuandikwa popote.

Mgeni mmoja, mwenye mvi, alisogea karibu na skrini. "Hili kovu linatibika?"

"Nukta tunazotengeneza sasa zinachoka polepole zaidi," mhandisi alijibu. "Nitawaonyesha vipimo. Vibaya na vizuri."

"Basi tuonyeshe," mgeni alisema, na akavuta kiti.

"Kwanza kuna mtu niliyemuahidi kabla yenu." Mhandisi alimshika mama yake mkono. Aliwaongoza wote hadi chumba cha giza, akaibeba skrini mwenyewe, nyepesi kifuani pake, akaisimamisha na kuzima taa. Akaonyesha picha ya mtu aliyesimama amevaa suti. Mshono wa bega ulionekana, na kishimo cha kifungo, na zaidi ya hapo koti lilikuwa limezama gizani kabisa, bila ubluu, bila kijivu, pembe zote nne zimekufa kimya.

Inspekta alikuwa amebaki kwenye pazia, mahali pa Mwalimu. Hakuhitajika tena, na hakuondoka. Alijisikia mrefu kuliko kawaida yake.

Mama mshonaji alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alichunguza lile koti begani, kisha ukosini, kama anavyochunguza kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Wageni walingoja. Mkurugenzi alingoja.

"Mshono wa bega umepinda," alisema mwishowe. "Lakini nyeusi hii, mwanangu, haijawahi kuona maji."